Jibu: Nyangumi mkubwa vile anashibaje kwa krili?
Dada, umeuliza nyangumi mkubwa vile anashibaje kwa vidudu kama krili. Anashiba kwa wingi wao! Krili anafanana na uduvi tunaoununua Mbuyuni hapa Moshi, ila wale wa Antaktika hufika sentimita 6 na hutembea kwa makundi makubwa mno. Nyangumi wa buluu anaweza kula tani 4 au zaidi za krili kwa siku.

Kinachonigusa zaidi ni malisho ya hao krili. Krili hula mwani mdogo sana wa baharini, ukiwemo unaoota chini ya barafu, na krili wenyewe huliwa na pengwini, sili na samaki. Barafu ikipungua, krili wachanga hukosa chakula. Hata wale nyangumi wenye nundu wanaokuja kuzaa pwani yetu kuanzia Julai wamenenepa kwa krili wa kule kusini.