Kabla ya kununua miche ya mtaa, muulize bibi wa nyumba ya tatu

Kiwanja kilicho mbele ya nyumba yetu, Mikanjuni hapa Tanga, hakikuwa cha mtu. Na kisicho cha mtu mjini kazi yake inajulikana: mifuko ya taka, vifusi vya aliyebomoa choo, na mbuzi. Miaka minne iliyopita nyumba saba tukakubaliana tukisafishe, tupande kitu.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa mchango, na mimi ndiye niliyeharibu. Nilikwenda kwa muuza miche wa barabarani nikachukua kilichopendeza macho: ashoki, bogenvilia, majani ya rangi rangi. Januari ikaingia na jua lake, bomba likawa linatoa maji kwa kubahatisha. Nani atamwagilia ua wakati hana maji ya kupikia? Masika yalipofika zilikuwa zimebaki ashoki mbili, nazo zimepinda.

Bibi wa nyumba ya tatu alikuwa akituangalia tu. Siku tuliyong'oa miti mikavu akasema, "Wanangu, si mngeniuliza? Hapa zamani palikuwa na mkilua." Kumbe! Mkilua ni kichaka cha asili cha misitu yetu ya pwani, Tanzania na Kenya. Ua lake ni la kijani kinachoelekea manjano, wala si la kumsimamisha mpita njia, lakini kilua kimoja ukikifunga kwenye upindo wa kanga, chumba kizima kinajua. Wataalamu wa mimea walipouandika rasmi mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans. Jina letu wakalichukua lilivyo. Tulipata miche mitatu kwa jamaa zake Pangani. Ule tuliouweka juani ulikauka, hii miwili ya kivulini, nyuma ya ukuta wa duka, inachanua. Ni mti wa kuishi chini ya miti mingine, usiuanike.

Kwenye uzio, badala ya bogenvilia, tuliweka mbungo, nao ni mmea wa asili unaotambaa. Maua meupe yenye harufu, kisha mabungo ya juisi. Mbegu ni zile zile unazotupa ukishakamua. Ila uwe na panga karibu: wetu umeshaangusha nguzo moja ya uzio.

Jirani mmoja akataka mbuyu. Mzee wa duka akang'aka: "Mnatuletea mashetani mlangoni?" Ulimi uliniwasha nibishane, nikanyamaza, na sijutii. Mti mnaougombania mchana hukatwa usiku. Tukapatana mkwaju. Nao wapo walioununia, lakini walipoikumbuka juisi ya Ramadhani wakalegea. Mkwaju unakua taratibu na mwisho wake ni mti mkubwa kweli, kwa hiyo uupande mbali na ukuta, bomba na nyaya za umeme. Na kabla ya kuchimba shimo pita ofisi ya serikali ya mtaa, usije ukaambiwa baadaye kwamba hapo ni njia.

Sasa, kuna maneno yaliyotugharimu: eti mti wa asili hautaki maji. Ukishazama mizizi, sawa. Kiangazi cha kwanza ni mtoto mchanga kama wengine. Tulipoteza mikwaju miwili kwa kuyaamini maneno hayo. Dawa yetu ikawa dumu la lita tano lililotobolewa kitundu kidogo kwa sindano ya moto na kuchimbiwa kando ya mche, maji yatoke kidogo kidogo. Kila nyumba ina mti wake na dumu lake, na maji ya kuoshea mchele au mboga yanatosha. Ya sabuni ya unga, hapana. Tulipokuwa tunasema "tutamwagilia sote", hakumwagilia mtu.

Na tafadhali, msiende msituni kung'oa miche. Mbegu za ukwaju zipo jikoni kwako. Ziloweke usiku mmoja, uzipande kwenye mifuko ya plastiki miezi kadhaa kabla ya masika, mvua ya kwanza ikute miche tayari.

Lakini si kwamba kila mti mgeni tunaukataa. Hata jina la mtaa wetu limetokana na mikanju, yaani mikorosho, nayo ni mgeni kutoka Brazili. Hakuna aliyependekeza tuing'oe. Kivuli chake ndicho tunachokalia vikao.

Lililotushinda ni mbuzi. Tumezungushia miiba, wanaruka. Tungekwenda kumshitaki mwenyewe, lakini naye ni mmoja wa zile nyumba saba, na dumu lake ndilo halikauki.