Pombe Ameiacha, Kipigo Hajakiacha

SWALI: Dada mshauri, mume wangu anatibiwa ulevi. Tangu aanze tiba hajagusa pombe, na wakwe zangu wananisifu kwa uvumilivu. Lakini ndani ya nyumba sina raha. Kila nikirudi anapekua simu yangu na kunihoji nimeongea na nani. Juzi nilichelewa kumjibu, akanibana ukutani akanikaba koo mpaka macho yakaingia giza. Baadaye akalia, akasema ni hali ya kuacha pombe, na kwamba nikimsemea kwa mshauri wake atarudia chupa. Sasa kituo kinatuita sote wawili tukazungumze. Niende?

JIBU: Mdogo wangu, nianze na hilo koo, maana umelitaja kwa haraka mno. Mwanamke aliyekabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mtu huyohuyo. Tena madhara yake huweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye, hata kama shingo haina alama. Nenda ukapimwe leo, na umwambie daktari waziwazi: "Nilikabwa, nikaona giza." Sauti ikikwaruza, ukipumua au kumeza kwa shida, kichwa kikiuma sana au upande mmoja wa mwili ukilegea, hiyo ni dharura.

Ni kweli anayeacha pombe hukosa usingizi, hutetemeka na huwaka upesi. Ni kweli pia kwamba ulevi huzidisha kipigo. Lakini kupekua simu hakuletwi na kukosa pombe. Nimekaa na wanaume wengi walio kwenye tiba. Mtu anakwambia alimpiga mkewe kwa sababu alikuwa amelewa. Akiacha kunywa, alimpiga kwa sababu alikuwa na kiu. Kiu ikiisha, ni mke aliyemchokoza. Sababu zinabadilika, anayepigwa ni yuleyule. Na inaniuma kwamba vituo vingi humuuliza mwanaume amekunywa au hajanywa, ya nyumbani hayaulizwi, akahesabiwa amepona huku mke analala na hofu.

Kwa hiyo kikao cha pamoja usiende maadamu unamwogopa. Ukisema kweli mbele yake, utakuja kuilipia nyumbani. Ukificha, mshauri atashauri asichokijua. Omba kuonana naye peke yako, na kabla hujafungua mdomo muulize kama maneno yako yatamfikia mumeo. Mumeo anahitaji kushughulikiwa ukatili wake sambamba na ulevi, na watu waliofunzwa kazi hiyo. Masomo mawili matatu ya kutuliza hasira hayatoshi, maana hapa kuna suala la kutaka kukutawala.

Hicho kitisho cha kurudia chupa usikibebe. Kunywa au kutokunywa ni juu yake na wanaomtibu.

Ukifikiria kuondoka, usimtangazie. Wakati wa kuachana ndipo hatari hupanda. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mwachie nakala za vitambulisho na akiba kidogo, mkubaliane neno la kumwita ukizidiwa. Wanaosaidia wanawake wanaopigwa watakupangia vizuri zaidi kuliko mimi kwa barua. Wapigie kwa simu ya mtu mwingine. Na huu ujumbe ulionitumia, ufute kabla hajaishika simu tena.