Waulize wanalala ng'ambo gani

Mwanangu Fuad,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, na ile sauti uliyotuma nimeirudia kwa sababu ya kelele za mitambo huko kazini kwako Doha. Nimeelewa hivi: mama mkweo amerudishwa nyumbani Likoni, madaktari wamesema saratani ya titi imeshafika mifupani na hawana tena la kukata wala la kuchoma, na Zuhura ndiye anayemuuguza. Mmetajiwa sehemu mbili. Kuna hospisi, wale wanaotuliza wagonjwa wasiopona tena, na kuna ile kampuni ya wauguzi wanaokuja na gari lenye maandishi ubavuni. Unataka nikuandikie maswali ya kuwauliza ili ujue nani ana huduma bora, maana mlipaji ni wewe.

Sikutaka kukujibu kwa simu. Kwa simu utasema "sawa baba" kisha utalipa unayemtaka.

Swali nitakupa moja, liko huko chini. Lakini mwanangu, maswali kila mtu anayajibu. Yule kijana aliyekuja kwa ami yako Swaleh aliyajibu yote: leseni wanayo, daktari wanaye, huduma ya saa 24 wanayo. Mimi bandarini nilikuwa karani wa tali, na karani wa tali hafuati karatasi ya meli inasemaje, anahesabu kilichoshuka. Kwa hiyo wewe waache waingie ndani, kisha sikiliza wao wanauliza nini.

Ami Swaleh alipougua wewe ulikuwa umeshaondoka. Habari ya msiba uliipata, lakini ule usiku wa Ijumaa hakuna aliyekusimulia. Ilikuwa saratani ya tezi dume, imepanda mpaka uti wa mgongo. Kijana akaja na shati jeupe limepigwa pasi, akamfunga mashine ya presha, akatazama namba, akaandika kwenye tableti yake, akasema, "Presha iko sawa, mzee." Na ami yako pale ameshika ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe! Kijana akaning'iniza dripu, akanipa fomu nitie sahihi, akaenda zake. Risiti yao ilikuwa na rangi mbili.

Usiku ule maumivu yakapanda. Nikapiga namba ya kwanza, imezimwa. Nikapiga ya pili, akapokea binti mwenye adabu sana, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amelipokea ombi letu na ofisi itatupigia Jumatatu. Jumatatu, Fuad. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi za meli na mwenzake mgongoni alikuwa anauma kona ya mto ili watoto wa chini wasiamke. Tangu usiku ule nasema, na nyote mmechoka kunisikia: maumivu hayajui Jumatatu.

Sasa nisije nikamwonea mtu. Yule kijana huenda siku ile alikuwa na nyumba kumi za kuzunguka. Na aliyefunzwa wodini kupima presha atapima presha, utamlaumu kwa lipi? Yule binti naye hakuwa na dawa ndani ya simu. Yote hayo nayakubali. Lakini kama usiku huna mtu, usiandike saa 24 kwenye gari. Hapo sikubali, na sitakubali.

Baadaye ndipo mtu mmoja wa msikitini akatuambia habari ya hospisi. Sisi tulidhani hospisi ni nyumba ya kupeleka watu wakafie. Kumbe hapa kwetu kazi yao kubwa ni kuja nyumbani, au mgonjwa aende kliniki yao akiweza. Nairobi wanayo tangu 1990, na huku Pwani ipo pale Makadara, Mombasa, kwenye hospitali kuu. Nesi akaja na tuktuk, mama wa makamo, msalaba shingoni. Shangazi yako Rukia akaguna. Nikamkanyaga mguu.

Akavuta kigoda mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mgonjwa. Sisi tuliokuwa tumesimama pale tayari kueleza hakututazama. Akamwuliza yeye: "Ngumi ni hakuna maumivu. Vidole vitano ni yale yasiyostahimilika. Nionyeshe." Ami yako akainua vitano. Akafikiri kidogo, akainua na mkono wa pili. Nesi akaandika. Kisha akauliza, "Yanakuzuia kufanya nini?" Ami akasema, "Kulala, na kusujudu." Akaandika na hilo, akauliza nyakati za swala ili asipange kuja saa hizo.

Akafunua miguu, akaweka viganja vyake kwenye nyayo: "Nisukume." Akauliza kama mkojo unatoka vizuri. Baadaye akaniita ukumbini akanieleza kwamba saratani ikiwa kwenye uti wa mgongo, siku miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, hapo hamsubiri zamu yake ya kuja, mnakimbia hospitali siku hiyohiyo, vinginevyo anaweza kupooza asiinuke tena. Hilo yule wa tableti hakulitaja. Akamulika kinywani kwa tochi. Akamgeuza ubavu, akakagua kiuno na visigino kama ngozi imeanza kuchubuka, akamwonyesha Rukia namna ya kumgeuza kila saa mbili bila kujivunja mgongo yeye.

"Usiku nani yuko naye?" Wote tukamtazama Rukia. "Na wewe, nani anakupokea?" Hakuna aliyejibu.

Kisha likaja lile swali. Kwa sauti ileile aliyoulizia mkojo, akasema: "Nyumba hii kuna mtu anayetumia unga?"

Fuad, unajua mambo yetu na Nasri na hiyo heroini. Unajua lile jina lilikuwa halitamkwi mbele ya Rukia, na milango mingapi ilibadilishwa kufuli. Rukia akainuka akaenda jikoni. Nikasikia anamimina maji kwenye birika ambalo lilikuwa limeshajaa. Akarudi, akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu. Analala barazani." Nesi akasema ahsante. Akauliza ni kabati gani lina kufuli na ufunguo utakaa kwa nani.

Maana dawa ya maumivu aliyotaka kuileta ni mofini, ile ya maji, chungu, ya kunywa. Rukia aliposikia akasema waziwazi kwamba hiyo ni ndugu wa unga na haitaingia nyumbani kwake. Nesi hakubisha. Akasema kweli ni ndugu, wote wametoka kwenye afyuni, na ndiyo maana serikali inaibana kwa sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Lakini mwenye maumivu akipewa kwa kipimo na kwa saa zake hageuki teja, wala haimharakishi kufa. Akasema Shirika la Afya Duniani lilifundisha hivyo mwaka 1986: kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi, uanze na dawa nyepesi na upande kadiri maumivu yanavyopanda. Ya ami yako yalikuwa yameshapita ngazi za chini.

Akachana jani la kalenda, akaandika nyuma yake: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku maradufu ili asiamshwe saa 8 za usiku. "Msingoje aombe," akasema. "Akianza kuomba mmeshachelewa." Maumivu yakipenya katikati kuna kipimo cha ziada, na kila mkikitoa mnakiandika. Na siku hiyohiyo akatoa vidonge vya kulainisha choo, kwa sababu mofini inafunga choo na mwili hauzoei hilo, ijapokuwa ule usingizi wa mwanzo hupungua baada ya siku chache. Hili lishike, mwanangu: anayekupa mofini bila dawa ya choo, mwogope.

Niende haraka kwenye la mama mkweo. Zuhura ameniambia kidonda cha titi kimefunguka. Wewe hakukwambia, na hatakwambia harufu ikoje. Mgonjwa mwenyewe anaona haya kuliko wote, ndiyo maana amekataa wageni. Muuguzi anayejua kazi hii atauliza habari ya harufu bila kukunja uso, na atamfundisha Zuhura kusaga Flagyl na kuinyunyiza juu ya kidonda. Ni vidonge vya bei ya chini, vipo kila duka la dawa. Asiyeuliza habari ya harufu hajamwona mgonjwa.

Ami yako basi. Hazikupita siku nyingi akawa anaonyesha vidole viwili. Asubuhi moja akataka apelekwe barazani, akaitisha dhumna. Tukacheza. Nikamwona anaficha jiwe chini ya paja, mtu mzima na mvi zake, vilevile alivyokuwa akituibia zamani. Nikamshika mkono. Akakana. Tukagombana kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani akidhani kuna msiba. Wallahi sijapata kuufurahia ugomvi namna ile! Alikuwa anakwenda, na alijua, na sisi tulijua. Ila alikwenda akiwa Swaleh. Wiki ile ya mto mdomoni hakuwa Swaleh, alikuwa maumivu tu.

Baada ya maziko yule nesi akaja tena. Akaipima mofini iliyobaki, akaandika, akaichukua. Kisha akakaa na Rukia chumbani muda mrefu, na waliyozungumza sijui. Najua tu kwamba Nasri leo anakunywa methadoni, ile dawa ya kumwachisha unga, na analala ndani. Hilo silo ulilouliza.

Ulichouliza ni nani bora. Ile orodha ya bei uliyonitumia nimeiona, dripu kila siku, mwezi mzima, kabla mtu hajamgusa mgonjwa. Sisemi dripu ni mbaya, kuna siku inasaidia. Lakini mwili unaofunga safari haupokei maji kama wa mtu mwenye afya. Yanaweza kujaa miguuni, yakajaa kifuani, mtu akaanza kukoroma na nyinyi mkadhani ni ugonjwa. Daktari akisema leo apewe, apewe. Anayeuza ya mwezi mzima amejuaje?

Hata hivyo kampuni yako siyo ile iliyotutesa sisi. Nimeuliza. Na hospisi nao usiwatie mbawa za malaika. Ni watu wachache, wagonjwa wengi, hawaji kila siku, na gari likiharibika wiki hiyo ndiyo imeharibika. Jina la hospisi mlangoni halimpunguzii mtu maumivu. Nimeona pia muuguzi wa kulipwa anayejua kazi yake kuliko wengi. Kwa hiyo usije ukasema baba amechagua.

Swali lenyewe ni hili: waulize wanalala ng'ambo gani. Mama mkweo yuko Likoni, ng'ambo ya kusini. Feri inavuka usiku kucha, hilo wote watakwambia. Lakini muuguzi anayelala Bamburi, ng'ambo ya kaskazini, saa tisa za usiku, atoke kitandani, apite mjini, angoje feri? Sikiliza watakavyojibu. Akikwambia "hakuna shida, tunafika popote", rudi juu usome habari ya binti wa Jumatatu. Akikwambia "usiku hatuji, lakini dawa ya usiku tumemwachia Zuhura, tumemfundisha kipimo, na hii namba inapokewa na mtu anayemjua mgonjwa wenu", huyo amekujibu. Mimi naona ni bora kuliko gari. Maana atakayekuwepo usiku ni Zuhura, hata ukilipa nani, na maumivu hayajui Jumatatu.

Kalamu inaniwasha niandike jina. Nimeshaliandika mara moja na nimelikata, na usilete karatasi kwenye mwanga ukalisoma. Mama ni wa Zuhura, na mgonjwa mwenyewe ana akili timamu. Hakuna kati yenu aliyeniambia kama yeye ameulizwa. Ameulizwa?

Jumamosi navuka na shangazi yako. Nesi wa hospisi anakuja asubuhi, na nimemwambia Zuhura awaite wale wa gari waje alasiri. Nitakaa kwenye kiti, sitatia neno. Rukia ndiye siwezi kumdhamini. Wewe pesa ya dripu usitume kwanza. Tuma ya godoro la upepo, na ya mtu wa kumpokea Zuhura usiku, angalau siku tatu kwa wiki. Yule binti wa Mwanahamisi ameshasema yuko tayari, na bei yake haina rangi mbili.

Babako