Maswali Yenu: Pua Peke Yake Haitoshi, Gesi Inavujia Wapi?

Wiki hii meseji nyingi zilizoingia ni za gesi tu, na nawaelewa, maana mji mzima sasa hivi unaongea gesi, bajaji zinafungwa mitungi, kuna nyumba Mikocheni wanapikia gesi ya bomba, na foleni za kujaza kila mtu anazijua. Nimechagua tano. Mimi kabla sijaanza kuandika nilifanya kazi ya vipimo vya gesi miaka kadhaa, kwa hiyo jambo hili liko moyoni kabisa, mtanivumilia nikirefusha.

Habari yako kaka. Nilikuwa natumia mtungi wa kawaida, nikanunua kengele ya gesi Kariakoo, fundi akanifungia chini kabisa karibu na mtungi. Sasa tumeunganishiwa gesi ya bomba, kengele bado iko palepale. Kijana mmoja kaja kurekebisha kabati ananiambia niihamishe juu karibu na dari. Nani mkweli? – Mama, Mikocheni

Wote wawili wakweli mama, ila kila mmoja na gesi yake. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, hizo ni nzito kuliko hewa, zikivuja zinashuka sakafuni, zinatambaa kama maji mpaka uvunguni mwa kabati na zinakaa hapo. Gesi ya bomba inayotoka visima vya Songo Songo na Mnazi Bay huko kusini ni gesi asilia, karibu yote ni methani, na methani uzito wake ni kama nusu tu ya hewa. Ikivuja inapanda, inajikusanya juu darini. Sasa kengele yako ya chini italala usingizi wakati gesi imeshajaa juu ya kichwa chako, na ikija kushuka mpaka ilie utakuwa umechelewa sana mama yangu.

Lakini usiing'oe ukaipandisha tu, kwanza geuza usome nyuma. Kengele nyingi za bei nafuu ndani yake kuna kidude kinachopashwa moto na umeme, gesi ikikigusa umeme unapita kirahisi zaidi, ndo inalia. Kidude hicho kinapangwa kiwandani kulingana na gesi fulani. Kama imeandikwa ni ya gesi ya mitungi peke yake, nunua nyingine iliyoandikwa methani au gesi asilia, uifunge ukutani juu, usawa wa juu kuliko mlango na dirisha, kama shubiri moja hivi kutoka dari, isiwe juu ya jiko moja kwa moja maana mvuke na mafuta ya kukaangia vitaiharibu. Pia angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, hivi vidude vinachoka hata kama taa ya kijani inawaka. Na kile kitufe cha kujaribia, kwenye kengele nyingi kinajaribu ile sauti tu, hakikuambii kama pua ya ndani bado inanusa.

Usishangae ikilia siku mtu kapuliza dawa ya mbu au kamwaga spiriti, hizi za bei nafuu zinachanganya harufu kali na gesi. Watu wengi wakichoshwa na hizo kelele wanaichomoa kwenye umeme, tafadhali usifanye hivyo. Methani inaweza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa mpaka asilimia 15, na kengele zinapangwa zilie ikiwa bado iko chini sana ya hapo, yani inakupa muda. Ikilia kweli, usiwashe wala usizime taa, fungua madirisha, funga koki ya gesi, toa watoto nje, simu piga ukiwa nje.

Kaka mambo vipi. Naendesha bajaji ya gesi, abiria wawili siku mbili tofauti wameniambia inanuka gesi, mimi sisikii kitu kabisa. Nimpeleke fundi au wananitania? – Dereva, Mbagala

Peleka leo. Abiria hawakutanii mdogo wangu, ni pua yako ndo imezoea. Methani yenyewe haina harufu wala rangi, ile harufu ya kitu kilichooza unayoisikia ni dawa inayochanganywa makusudi ili watu washtuke, na pua ya binadamu ina tabia ya kuizoea harufu ikikaa nayo muda mrefu, baada ya dakika kadhaa inaacha kukupa taarifa. Wewe uko nayo toka saa kumi na mbili asubuhi, abiria anapanda na pua mpya kutoka hewani, lazima aisikie yeye kwanza. Kuna fundi mzee aliyenifundisha kazi alikuwa haamini pua yake hata siku moja, akifika karakana anamuuliza mtu wa kwanza anayepita njiani, "mwanangu, hapa pananukaje?"

Mtungi wako ukijaa unakuwa na presha ya kama bar 200. Tairi ya gari ndogo ina kama bar 2. Sasa piga hesabu, mara mia ya tairi, uko nayo hapo na abiria, kwa hiyo kiungo kikilegea kidogo tu kwa mitikisiko ya barabara zetu inatoka gesi nyingi kuliko unavyofikiri.

Njia ya kwanza kabisa ni ile ya zamani, maji ya sabuni. Koroga mpaka itoe povu, paka na brashi kwenye kila kiungo kuanzia kichwa cha mtungi, valvu, mpaka kwenye regyuleta, kaa utulie uangalie, palipo na tundu povu linavimba. Hii bado inatumika mpaka kwenye mitambo mikubwa, usiidharau. Ila sabuni inakuonyesha pale ulipopaka tu, usipopaka hujui. Ndo maana fundi mzuri ana kifaa cha mkononi chenye shingo ndefu inayopinda, anaipitisha taratibu kwenye mabomba, kinasoma hadi chembechembe chache kwenye milioni ya hewa, kikikaribia tundu mlio unakuwa wa haraka haraka. Fundi asiye na kifaa hicho na asiyepaka hata sabuni, anayeinama akanusa na kukwambia "safi", mlipe nauli yake utafute mwingine. Na anayewasha kiberiti kuangalia, kimbia. Mpaka upate fundi usiilaze ndani ya chumba wala stoo yenye bati lisilo na upenyo juu, gesi itakusanyika hapohapo.

Hivi kuna app ya simu ya kupima gesi? Nimeona moja ina nyota nyingi. – Kijana, Tabata

Hamna. Simu yako ina maikrofoni, kamera, dira, lakini haina kitu cha kunusa methani. App zinazofanya kazi ni zile zinazosoma kifaa kingine halisi kilichounganishwa na simu. Hiyo uliyoiona ifute.

Nasoma chuo hapa Dar, nimesikia setilaiti zinaona gesi ikivuja toka angani. Inawezekanaje kuona kitu kisicho na rangi? Na kwanini dunia inahangaika hivyo na gesi ya bomba wakati inasemekana ni safi? – Mwanafunzi, Mlalakuwa

Swali hili nimelipenda, limenikumbusha siku ya kwanza nilipoangalia ndani ya kamera ya kuonea gesi.

Anza na mwanga. Macho yetu yanaona kipande kidogo tu cha mwanga, kuna mwanga mwingine upande wa joto ambao hatuuoni, infraredi. Kila gesi ina sehemu yake inayopenda kuimeza katika mwanga huo, na methani inameza sana kwenye urefu wa mawimbi wa kama maikromita 3.3 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), na tena kidogo kwenye 1.65 hivi. Kwa macho haina rangi, lakini kwa kifaa kinachoangalia hapo tu inaonekana kama moshi mweusi. Kamera za kazi hiyo zina kitambuzi kinachopoozwa mpaka baridi kali kweli ili joto la kamera yenyewe lisiizuge. Nilipoishika mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele ya flenji, yani kiungo cha mabomba mawili, ambayo watu wote tulikuwa tumeipita asubuhi tukiona iko salama, nikainua kamera nikaona kitu kinafuka kama chungu cha maharage. Nilinyamaza muda mrefu. Toka siku hiyo siamini bomba kwa kuliangalia.

Udhaifu wake ni kwamba inataka gesi na vitu vya nyuma viwe na tofauti ya joto, siku ya mawingu mazito au upepo mkali unaweza kukosa, na ukimpa mtu asiye na uzoefu hataona anachokiona mzoefu. Kwa hiyo kuna leza pia. Unaelekeza kama tochi kwenye bomba lililo juu au ng'ambo ya uzio, mwanga unagonga ukuta unarudi, kifaa kinahesabu umepungua kiasi gani njiani, ukipungua maana yake kuna methani katikati. Unapima mita 30 mbali bila kupanda ngazi. Leza hiyohiyo ukiifunga kwenye droni au ndege inapita juu ya visima vingi kwa siku moja. Na kwenye mitambo yenye presha kubwa wanafunga masikio, yani vifaa vinavyosikiliza ule mluzi wa gesi ikitoka kwenye tundu, mluzi wa juu sana ambao sisi hatuusikii, uzuri wake havisubiri upepo uwaletee gesi.

Sasa setilaiti. Mwanga wa jua unashuka, unagonga ardhi, unarudi juu, na njiani methani inameza sehemu yake, setilaiti inapima kilichopungua. Sentinel-5P ya Ulaya iliyorushwa 2017 inazunguka dunia nzima kila siku lakini kila nukta ya picha yake ni kilomita kadhaa, ukubwa wa kata nzima, inakuambia eneo lina tatizo ila haikuambii valvu gani. Kampuni ya GHGSat ya Canada ilirusha setilaiti yake ya kwanza 2016, hizi zinaangalia eneo dogo na zinafika nukta ya mita 25 hivi, hapo unaweza kusema ni mtambo fulani. Kuna iliyoniuma, MethaneSAT, ilirushwa Machi 2024 ili iangalie katikati ya hizo mbili, mawasiliano yakakatika Juni 2025. Kazi ya watu miaka mingi.

Huku kwetu setilaiti zina shida mbili. Mawingu ya ukanda wa tropiki yanaziba, na Songo Songo ni kisiwa, maji ya bahari yanameza huo mwanga badala ya kuurudisha, mpaka zitegeshwe pale jua linapong'aa juu ya maji kama kioo. Kwa hiyo mtu asikwambie setilaiti imeshamaliza kazi, mtu wa chini mwenye kifaa mkononi bado anahitajika.

Kuhusu usafi, gesi ikiungua vizuri ni kweli inachafua kidogo kuliko makaa ya mawe au dizeli. Ila ikivuja bila kuungua ni habari nyingine kabisa, methani ndani ya miaka 20 inashika joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa hewa ukaa. Nzuri ni kwamba inakaa hewani kama miaka 12 tu, ukiziba leo matokeo unayaona wewe mwenyewe, sio wajukuu. Ndo maana kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow 2021 nchi zaidi ya 100 ziliahidi kupunguza methani kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Kasome pia kisa cha Aliso Canyon, California. Oktoba 2015 kisima cha kuhifadhia gesi kilipasuka, hakikuzibwa mpaka Februari 2016, zikatoka tani karibu 97,000 na maelfu ya familia wakahama. Mwanasayansi Stephen Conley ndiye aliyeruka na ndege ndogo kupita kwenye ule mkondo akipima, na watu wa kawaida waliamini walipoona video ya ile kamera ninayokwambia, wingu jeusi linamwagika kutoka mlimani juu ya nyumba zao wakati kwa macho anga ilikuwa bluu.

Nina shamba Mkuranga, bomba kubwa la kwenda Kinyerezi halipo mbali. Likivuja chini ya ardhi nitajuaje? – Mzee mstaafu, Kigamboni

Shikamoo mzee. Wenye bomba wanalifuatilia kwa presha na kiasi, gesi inayoingia kusini inalinganishwa na inayofika huku, pengo likiwa kubwa valvu zinafungwa, na kuna vifaa vinavyosafirishwa ndani ya bomba vikikagua unene wa chuma. Lakini tundu dogo linaweza lisionekane kwenye hesabu hizo, hapo macho yako yanasaidia. Gesi ikipenya kwenye udongo inaifukuza hewa, mizizi inakosa oksijeni, kwa hiyo ukiona kijistari au duara la majani yamekuwa njano wakati pembeni kote ni kijani na mvua ipo, hiyo ni dalili. Dalili nyingine ni mapovu kwenye dimbwi baada ya mvua, au mluzi, au vumbi linapeperuka toka chini pasipo na upepo. Harufu usiisubiri, kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi gesi inakuwa haijawekewa bado ile dawa. Usichimbe, usichome majani hapo, usiwashe pikipiki, sogea mbali upande upepo unakotokea, na njia ya bomba ina vigingi vya alama ambavyo kawaida huandikwa namba ya simu ya dharura, siku ukienda shamba inakili hiyo namba kabla hujaanza kupalilia.