Kwa nini kifo cha msichana wa mwisho hakikuwashtua wasomaji wako?

Swali: Nimeandika muswada wa filamu ya slasha, yaani ya muuaji aliyeficha uso ambaye anawaua vijana mmoja mmoja hadi anabaki msichana mmoja. Ili kuivunja kanuni hiyo, nimemfanya msichana huyo naye auawe katika tukio la mwisho. Wenzangu waliousoma wanasema mwisho umepwaya. Mbona filamu ya Scream ilivunja kanuni na ikapendwa?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako hawajakosea, ingawa sidhani kwamba kosa ni kifo chenyewe. Kanuni ya filamu hizi ni imani ambayo mtazamaji anaitumia kukisia kitakachofuata, na nguvu ya kuivunja hutokana na kiasi alichokuwa ameiegemea. Nitaeleza kwa mifano, na itanibidi nifichue siri za filamu kadhaa. Ambaye hajazitazama aniwie radhi.

Mwaka 1960, katika Psycho, Alfred Hitchcock alimpa Janet Leigh, nyota mashuhuri wa wakati huo, nafasi ya Marion, karani anayetoroka na dola 40,000 za mteja wa bosi wake. Tunasafiri naye, tunamwogopa polisi pamoja naye, na anapoanza kujuta tunajua hadithi inaelekea wapi. Ndipo anapouawa bafuni, na filamu haijafika hata nusu. Kinachofuata ndicho ninachokuomba ukitazame kwa makini kuliko mauaji yenyewe. Norman, kijana mwenye hoteli alimouawa Marion, anaisukuma kinamasini gari yenye maiti. Gari inazama, kisha inakwama kidogo, na sisi tuliokuwa upande wa Marion tunajikuta tunaomba izame. Tulipokonywa mtu wa kumfuata, tukamshika aliyekuwa karibu. Hayo yasingewezekana kama Marion angeuawa katika dakika ya mwisho.

Slasha zilizofuata ziliijenga imani ya mtazamaji kwa kutumia jicho la kamera. Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, inaanza kwa kamera inayotembea kama mtu: inachungulia dirishani, inaingia jikoni, inatwaa kisu, inapanda ngazi na kuua, na kinyago kinapovuliwa tunamwona mtoto wa miaka 6. Miaka miwili baadaye, Friday the 13th ilitumia jicho hilohilo kwa hila nyingine. Tunaona anachokiona muuaji, hatumwoni mwenyewe, na kwa mazoea tunamjaza mwanamume katika nafasi hiyo tupu, kumbe ni mama wa makamo anayelipiza kifo cha mwanawe. Mbinu iliyozoeleka ya kumficha muuaji ndiyo iliyotupotosha, na kwa maoni yangu huo ndio uvunjaji wa kanuni uliokomaa zaidi, kwa sababu haukuhitaji kuongeza chochote kutoka nje.

Kuhusu msichana anayebaki, Carol Clover, mtaalamu wa Marekani, ndiye aliyempa jina la Msichana wa Mwisho katika makala ya mwaka 1987. Wengi hukariri kwamba huokolewa na ubikira wake. Mimi naamini anaokolewa na macho yake: katika Halloween, Laurie ndiye anayemwona muuaji mara kwa mara, dirishani na nyuma ya ua wa miti, wakati wenzake wana shughuli nyingine. Wes Craven na mwandishi wake, Kevin Williamson, walilielewa hilo walipotengeneza Scream mwaka 1996. Sidney analala na mpenzi wake, jambo ambalo kwa kanuni lingemuua, lakini anabaki hai. Mpenzi huyo anashukiwa na kuwekwa mahabusu, na akiwa humo muuaji anapiga simu tena, hivyo tunamwondolea shaka. Tulikuwa tumehesabu muuaji mmoja kwa sababu filamu za aina hii zilitufundisha kuhesabu mmoja, kumbe walikuwa wawili, na mpenzi huyo ni mmoja wao.

Sasa turudi kwenye muswada wako. Ukimuua msichana katika ukurasa wa mwisho, mtazamaji hana tena muda wa kuhangaika bila kiongozi. Taa zinawashwa naye anaondoka na hasira badala ya hofu. Mhamishe afe katikati, karibu na ukurasa wa 45 ikiwa muswada una kurasa 90, baada ya kumpa kila alama ya mtu atakayepona: yeye ndiye aone kivuli, yeye ndiye asiaminiwe, yeye ndiye ajue mlango upi haufungi. Wakati huohuo mweke pembeni mhusika mwingine ambaye mtazamaji alikwisha kumpuuza, na mhusika huyo awepo tangu tukio la kwanza, akiona mambo machache ambayo kamera haikuyatilia mkazo. Msichana akishakufa, mpe huyo kamera.