Ukizunguka Ulaya na begi mgongoni, linda laini na pasipoti kwanza

Wasafiri wengi huhangaika na usalama wa begi lenyewe. Begi lina nguo, na nguo zinanunulika Barcelona kama zinavyonunulika Kariakoo. Kwa aliyetoka Tanzania, visivyonunulika njiani ni viwili: pasipoti iliyobandikwa viza, na laini ya simu ya nyumbani. Ukishavipatia hivyo mahali pake, mengine yanajipanga.

Tuanze na laini, maana ndiyo inayosahaulika. Namba yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Simu ikichomolewa Roma, usitegemee kuirudisha namba ukiwa hukohuko, kwa sababu wakala atataka kidole chako. Huku nyuma ujumbe wa uthibitisho wa benki na wa barua pepe unaendelea kwenda kwenye laini iliyoibiwa. Kadi ya pili unayo, salio lipo, lakini muamala wa mtandaoni unakwama kwa kukosa tarakimu sita.

Kwa hiyo laini ya nyumbani isikae kwenye simu ya kupigia picha. Itie kwenye kitochi, na kitochi kibaki hosteli kimefungiwa. Simu kubwa itumie laini ya huko. Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi na uulize gharama ya kupokea ujumbe. Weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Ukiikosea mara tatu itadai PUK, namba ya tarakimu 8 iliyokuja na kadi ya laini, basi iandike pembeni. Kama Uswisi imo kwenye safari, chukua kitochi cha 4G, maana 2G, mtandao wa vitochi vya kawaida, kule imezimwa.

Barua pepe nayo ifunguke bila simu. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja hutumika mara moja tu. Zichapishe kwenye karatasi, uiweke chini ya soli ya ndani ya kiatu cha akiba. Humo kwenye barua pepe weka picha za pasipoti, viza, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA.

Pasipoti ina mahali pawili. Siku ya kuzunguka mjini ifungie hosteli, utembee na kivuli cha ukurasa wa picha na wa viza. Siku ya kuhama mji iwe mwilini, kwenye mkanda mwembamba chini ya shati, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya jasho. Usidhani ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haitaulizwa: kwenye treni ya Ventimiglia, Italia, kwenda Nice, Ufaransa, polisi wa Ufaransa hukagua abiria pale Menton-Garavan, na kivuli hakitakuokoa. Mkanda huo usiufungue mbele za watu kutoa nauli. Pesa ya siku, euro 30 au 40, ikae mfuko wa mbele wa suruali. Kadi ziwe mbili, za benki tofauti, zisilale mahali pamoja. Akiba ya dharura iwe noti za 50, kwa kuwa duka dogo mara nyingi hukataa noti kubwa.

Sasa kufuli. Hosteli nyingi zina makabati ya chuma lakini kufuli unakuja nalo. Chuma kilichopinda kikiwa kinene sana hakiingii kwenye tundu la kabati, kikiwa chembamba hukatwa kwa koleo la kawaida. Kufuli la mwili wa milimita 40 lenye chuma cha milimita 6 hivi huenea makabati mengi. La namba ni afadhali kuliko la funguo, na la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000 dhidi ya 1,000 ya tarakimu tatu. Ukifunga, vuruga magurudumu yote. Wengi husogeza moja tu, na mwizi huanza na hilohilo. Kabla ya kuweka chochote angalia bawaba: zikiwa na skrubu upande wa nje, kufuli lako ni pambo, omba kabati lingine.

Zipu hudanganya watu zaidi ya kufuli. Zipu ya nailoni hupasuka katikati kwa ncha ya kalamu ya wino. Mwizi huchukua anachotaka, kisha huburuta vichwa vya zipu, vikiwa bado vimefungwa pamoja kwa kikufuli chako, kwenda na kurudi, na meno yanajifunga tena. Utagundua siku mbili baadaye. Dawa ni kuvifunga vichwa kwenye kitanzi kilichoshonwa kwenye begi ili visiburutwe. Zipu bado itapasuka, ila haitazibika, na utajua palepale. Kwa begi linaloingia buti ya basi la usiku, mfuko wa salfeti ulioshonwa mdomo, ule wa mizigo ya mikoani, unafanya kazi vizuri kuliko mifuko ya bei mbaya ya maduka ya safari. Na mabasi ya Ulaya bara hushushia abiria upande wa kulia, kwa hiyo kaa dirisha la kulia uone nani anatoa nini buti ikifunguliwa kituoni.

Kwenye treni, rafu ya mizigo iliyo karibu na mlango ndiyo mbaya kuliko zote: mtu hubeba begi na kushuka mlango ukikaribia kufungwa. Weka juu ya viti vya mbele yako, si juu ya kichwa chako, ulione bila kugeuka. Metro ya Barcelona, hasa njia ya L3, na basi namba 64 la Roma kutoka kituo cha treni cha Termini zina wachomoaji wa kazi. Wa mbele husimama ghafla mlangoni, wa nyuma anakusukuma, wa tatu ndiye mwenye mkono. Begi dogo lihamie kifuani kabla hujapanda. Simu usiishike karibu na mlango.

Ukiibiwa, fungia kadi kwanza, kisha simu, halafu nenda polisi upate karatasi ya taarifa, kama RB ya kwetu. Ubalozi utaitaka, pamoja na picha za pasipoti na uthibitisho wa uraia. Si kila nchi ya Ulaya ina ubalozi wetu, hivyo andika mapema ulipo ule unaohudumia nchi unayokwenda. Hati ya dharura kwa kawaida ni ya kurudi nyumbani tu, na viza ya zamani haihamii humo. Kabla ya kulipia tiketi, uliza shirika la ndege kama nchi utakayobadilishia ndege inaikubali.