Seva ikikaa kimya, usiandike kwamba imekataa

Desemba moja, siku zile watu wa Moshi na Arusha wanapogombania viti vya basi wakale Krismasi nyumbani, mfumo wa tiketi niliouandika mwenyewe uliwafanya abiria walipe nauli mara mbili. Simu ilianza kulia saa kumi na moja alfajiri. Wengi walitukana. Mama mmoja hakutukana. Aliuliza tu kama ile hela ya pili ingeweza kurudi kabla ya saa kumi na mbili, basi halijaondoka, maana ndiyo ilikuwa nauli ya mwanawe. Haikurudi.

Asubuhi ile niliulaumu mtandao wa simu, nikailaumu na kampuni iliyotuunganisha nao. Jioni nilipotulia na kusoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo, nikakuta kosa liko kwenye mistari minne ya msimbo wangu. Tuma ombi la malipo. Subiri sekunde 30. Jibu lisipokuja, andika "yameshindikana" kwenye hifadhidata. Mwambie abiria ajaribu tena. Abiria wakatii, wakaweka namba ya siri mara ya pili, na malipo yote mawili yakapita. Lile la kwanza halikuwa limeshindikana. Lilikuwa kwenye foleni ya msimu wa sikukuu.

Wewe unayeanza kazi hii, fikiria umemtuma mtoto dukani kwa Mangi na elfu tano akanunue sukari. Nusu saa imepita, hajarudi. Huenda hajafika. Huenda amefika, anasubiri zamu yake. Huenda kashanunua, yuko njiani kasimama kutazama mpira. Ukiwa pale mlangoni pako, hali hizo tatu zinafanana kabisa. Ukimtuma mtoto wa pili na elfu tano nyingine, usishangae kuletewa mifuko miwili.

Ndiyo maana kwenye jedwali la malipo ninataka hali tatu: yamepita, yamekataliwa, haijulikani. Hii ya tatu vijana wengi huisahau, kwa sababu lugha zetu za programu hutupa taimauti, yaani muda wa kusubiri kuisha bila jibu, kama kosa, na kosa tumezoea kulichukulia kuwa ni kushindwa. Iandike wazi. Halafu weka kazi ya pembeni inayopita kila dakika kadhaa, inayoyachukua malipo yasiyojulikana na kumuuliza mwenye huduma: hili namba fulani liliishia wapi? Huduma nyingi za malipo zina njia ya kuuliza hivyo. Kama huduma unayounganisha haina, ibishie kabla ya kusaini mkataba.

Ili uweze kuuliza, lazima uwe na namba ya kuulizia, na hapo ndipo niliteleza mara ya pili. Nilikuwa nikingoja mwenye huduma anipe namba ya muamala kwenye jibu lake. Jibu lisipokuja, namba nayo hakuna! Tengeneza namba yako mwenyewe, iandike kwenye hifadhidata kwanza, ndipo utume ombi. Ukilazimika kurudia, rudia na namba ileile. Ni sawa na kumpa mtoto kikaratasi cha kumpa Mangi: akikiona mara ya pili anajua kwamba huyu nimeshamhudumia. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wana kichwa cha ombi kwa kazi hiyo, kinaitwa Idempotency-Key. Kwingine ni sehemu ya kawaida ya ombi. Soma maelekezo yao uone wanafanya nini namba ikijirudia, kisha jaribu mwenyewe, maana si wote wanaofanya walichoandika.

Zipo taimauti ambazo hazina utata. Maktaba ya requests ya Python, ya kutuma maombi kwa seva nyingine, hutenganisha ConnectTimeout na ReadTimeout, na tofauti hiyo ni ya thamani kubwa. Kama hata muunganisho haukufunguka, ombi lako halikufika, rudia bila wasiwasi. Kama muunganisho ulifunguka ukatuma kisha kimya kikatanda, hapo hujui. Kuzikamata zote mbili kwa kosa moja la jumla ni kutupa habari uliyopewa bure.

Na hiyo maktaba ya requests, usipoiwekea muda, haina kikomo chochote: itasubiri mpaka upande wa pili uamue. Axios, ya kazi hiyohiyo kwenye JavaScript, pia chaguo lake la kuanzia ni sifuri, yaani hakuna kikomo, na http.Client ya Go ni vilevile. HttpClient ya .NET husubiri sekunde 100. Ukikuta ombi lolote la nje halina muda ulioandikwa kwa mkono, lisimamishe hapohapo. Piga hesabu: seva yako ina wafanyakazi 20, yaani michakato inayohudumia maombi, kila mmoja kakwama sekunde 60 akingoja huduma iliyolala. Basi unahudumia watu 20 kwa dakika nzima, na ukurasa wa mbele ambao hauhusiani kabisa na malipo nao haufunguki. Bosi atakwambia tovuti imekufa. Haijafa, imesimama foleni kwa jirani. Ubaya huzidi kama ulifungua muamala wa hifadhidata kabla ya kuita huduma ya nje, kwa kuwa kufuli za data zinabaki zimeshikwa muda wote huo na hata wasiolipa wanakwama. Andika, funga muamala, ndipo utoke nje.

Muda wenyewe uwe kiasi gani? Wanaoniuliza hupenda niwape namba, nami hukataa. Tazama logi za wiki kadhaa, ona maombi 99 katika 100 hujibiwa ndani ya sekunde ngapi, ongeza kidogo. Muda wa kufungua muunganisho uwe mfupi, sekunde chache zinatosha. Wa kusubiri jibu uwe mrefu kuliko huo. Na ujue kwamba kwenye requests muda wa kusoma ni ule wa kimya kati ya kipande na kipande cha data, si wa jibu zima, kwa hiyo seva inayodondosha baiti moja moja inaweza kukuweka hapo mpaka magharibi.

Angalia pia nani yuko mbele yako. Nginx, seva inayokaa mlangoni na kuipitishia programu yako maombi, kwa kawaida humsubiri aliye nyuma yake sekunde 60, kisha humpa mteja kosa namba 504, yaani muda umeisha. Ukiweka programu yako isubiri 90, mteja ataambiwa imeshindikana huku wewe bado unamkata hela nyuma ya pazia. Aliye ndani achoke kabla ya aliye nje.

Kuhusu kurudia, nitasema machache. Rudia mara mbili au tatu, ukiongeza pengo kila mara na kulichanganya na bahati nasibu kidogo, la sivyo wateja wako wote watagonga mlango kwa sekunde ileile na kuiangusha huduma iliyokuwa inajaribu kuinuka. Na irudie tabaka moja tu la programu. Matabaka matatu yakijaribu mara tatu kila moja, ombi moja la abiria linakuwa 27 huko chini.

Maneno ya kwenye skrini niliyaandika upya mwenyewe, sikumwachia mtu: "Tunasubiri uthibitisho wa malipo yako. Tafadhali usilipe tena. Kiti chako kimeshikiliwa kwa dakika 15." Abiria anavumilia kusubiri akijua kiti chake hakijapewa mwingine.

Kabla sijaruhusu kazi yoyote ya malipo iende hewani, namwomba kijana aandike seva ya uongo, mistari ishirini hivi, yenye tabia tatu. Ya kwanza haifungui mlango. Ya pili inapokea ombi na kulala bila kufanya kitu. Ya tatu inapokea, inakata hela kikamilifu, kisha inalala kabla ya kujibu. Wengi huleta mbili za kwanza zikiwa zimepita vizuri. Nawarudisha kwenye kiti wakamalizie ya tatu, na siku hiyo huwa hawanipendi.